Sistimu Ikilala: Maelezo Yanayohitajika Katika Ripoti ya Hitilafu ya Seva

Wakazi wengi wameisikia kauli hii kwenye kaunta: "Sistimu iko chini." Husikika kwenye dirisha la malipo ya leseni, kwenye meza ya kusajili wagonjwa hospitalini na katika ofisi ya kodi ya ardhi. Anayeambiwa hivyo hurudi nyumbani au hubaki kwenye foleni. Kwa mwenye duka anayelipia leseni siku ya mwisho kabla ya faini, au kwa mama aliyebeba mtoto mgonjwa, kusubiri huko kuna gharama.

Hitilafu za mitambo haziwezi kukomeshwa kabisa. Kinachoweza kupunguzwa ni muda unaopotea kati ya hitilafu kutokea na fundi kujua chanzo chake. Mara nyingi muda huo hupotea kwa sababu ripoti iliyomfikia fundi haina maelezo ya kutosha, naye hulazimika kuanza kuuliza maswali ambayo yangejibiwa tangu mwanzo.

Makala haya yanaeleza maelezo yanayohitajika. Sehemu ya kwanza ni ya mkazi na mhudumu wa kaunta. Sehemu ya pili ni ya mafundi wa ofisi na vijana wanaosomea teknolojia katika vyuo vya ufundi, ambao huhitaji kuripoti hitilafu kwa waundaji wa programu. Mkazo umewekwa kwenye seva pepe, kwa kuwa huduma nyingi za kidijitali, za umma na za kibinafsi, siku hizi huendeshwa kwa teknolojia hiyo.

SEVA PEPE NI NINI?

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Hapo awali, ofisi ilinunua seva moja kwa kila kazi: moja ya malipo, moja ya barua pepe, moja ya rekodi. Kila moja ilitumia stima na kuchukua nafasi, ilhali sehemu kubwa ya nguvu zake ilikaa bure.

Programu ya seva pepe huigawa kompyuta moja kubwa iwe kama kompyuta nyingi. Mfano mwepesi ni ploti ya nyumba za kupangisha. Ploti ni moja, tangi la maji ni moja na laini ya stima inayoingia ni moja. Hata hivyo kila mpangaji ana chumba chake, mlango wake na kufuli yake, na wala hajui kinachopikwa kwa jirani. Msimamizi wa ploti ndiye anayegawa maji na stima ili kila chumba kipate.

Katika lugha ya mafundi, kompyuta yenyewe, ambayo ndiyo ploti, huitwa mwenyeji. Kila seva pepe iliyo ndani yake, ambayo ndiyo chumba na mpangaji wake, huitwa mgeni. Programu ya seva pepe ndiyo msimamizi.

Wazo hili lina umri mrefu. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mfumo wake wa VM/370 mwaka wa 1972, ukiwezesha watumiaji wengi kugawana kompyuta moja kubwa, kila mmoja akiona kana kwamba ana yake. Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka wa 1998. Mwaka wa 2007, uwezo unaoitwa KVM uliingizwa ndani ya mfumo wa Linux. Leo ofisi hutumia programu kama VMware ESXi, Hyper-V ya Microsoft na Proxmox VE, ambayo hutumia KVM. Wanafunzi wengi huanza na VirtualBox, kwa kuwa inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya kawaida bila malipo.

LALAMIKO MOJA, VYANZO VINGI

Maji yakikosekana katika chumba kimoja, huenda bomba la chumba hicho limeziba. Yakikosekana katika ploti nzima, huenda tangi limekauka. Mpangaji anayesema tu "hakuna maji" hajamsaidia msimamizi kujua aanzie wapi.

Hali ni hiyo hiyo kwenye seva. Ukurasa wa malipo usipofunguka, chanzo kinaweza kuwa katika mojawapo ya ngazi nne:

1. Kompyuta ya mhudumu au mtandao unaoiunganisha na seva.
2. Programu ya huduma yenyewe, kwa mfano programu ya leseni.
3. Seva pepe ambayo programu hiyo inaendeshwa ndani yake.
4. Mwenyeji: kompyuta halisi, diski zake, RAM yake, stima yake, au programu ya seva pepe.

Watu wengi huziita zote "mtandao umepotea". Fundi akiipokea kauli hiyo, anaweza kukagua nyaya na modemu kwa saa nzima wakati diski ya mwenyeji ndiyo iliyojaa. Kwa hivyo lengo la ripoti nzuri ni moja: kumwezesha mtu ambaye hakuwepo kuiona hitilafu kama aliyekuwepo.

SEHEMU YA KWANZA: RIPOTI YA MKAZI NA MHUDUMU WA KAUNTA

Mkazi hahitaji kujua seva iko wapi wala inaitwaje. Mambo sita yanatosha.

Kwanza, alichokuwa akifanya. "Nilikuwa nikilipia leseni, nikafika hatua ya kuthibitisha malipo" ni maelezo yenye manufaa kuliko "leseni imekataa".

Pili, kilichotokea badala ya kilichotarajiwa. Ukurasa ulibaki mweupe? Ulizunguka bila kumaliza? Ulitoa ujumbe? Ulikubali malipo bila kutoa risiti? Kila jibu humwelekeza fundi kwenye ngazi tofauti.

Tatu, ujumbe wa hitilafu neno kwa neno. Namba au herufi ambazo mkazi huziona kama takataka ndizo mara nyingi zinazomfaa fundi zaidi. Picha ya skrini inafaa, mradi ujumbe wote usomeke.

Nne, mahali na kifaa. Ni kituo kipi cha huduma? Ni simu ya mkononi au kompyuta ya kaunta?

Tano, ukubwa wa tatizo. Maswali mawili yanatosha: je, kaunta nyingine zina tatizo hilo? Je, huduma nyingine, kama vile kodi ya ardhi, zinafanya kazi? Huduma moja ikilala katika vituo vyote, fundi huangalia programu au seva pepe ya huduma hiyo. Huduma zote zikilala kwa pamoja katika vituo vyote, humtazama mwenyeji. Zote zikilala katika kituo kimoja tu, huanza na mtandao wa kituo hicho.

Sita, wakati. Hapa pana mtego unaowanasa watu wengi. Mkazi husema "saa nane", akimaanisha saa nane mchana. Kompyuta ya mhudumu huuandika wakati huo kama 14:00. Seva nyingi huhifadhi kumbukumbu zao kwa saa za kimataifa, UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Kwa seva hiyo, tukio lilitokea 11:00. Fundi anayesoma "saa 8" kwenye karatasi, kisha akatafuta 08:00 kwenye kumbukumbu, hataona chochote na anaweza kuamua kwamba hapakuwa na hitilafu. Njia salama ni kuandika tarehe, kisha saa kwa mtindo wa saa 24, na kuongeza "Saa za Afrika Mashariki".

Malipo yanahitaji uangalifu zaidi. Seva ikisimama katikati ya muamala, pesa zinaweza kutoka kwenye simu kabla leseni haijaandikwa kwenye rekodi. Mkazi aliyekumbwa na hali hiyo anashauriwa asilipe mara ya pili papo hapo. Ahifadhi ujumbe wa M-Pesa na atoe msimbo wa muamala pamoja na kiasi na wakati. Msimbo huo unatosha kufuatilia malipo. Namba ya siri ya M-Pesa haihitajiki kamwe, na yeyote anayeiomba hapaswi kupewa.

SEHEMU YA PILI: RIPOTI YA FUNDI

Fundi wa ofisi akigundua kwamba tatizo liko kwenye programu ya seva pepe, naye huwa mlalamishi. Humwandikia muundaji wa programu au kampuni inayotoa msaada, na pengine anayesoma yuko bara jingine, hajawahi kuiona seva hiyo wala hataiona. Maelezo yafuatayo ndiyo yanayohitajika.

Matoleo. Kuna matoleo matatu ya kutaja: toleo la programu ya seva pepe, toleo la mfumo wa uendeshaji wa mwenyeji, na toleo la mfumo ulio ndani ya mgeni. Kuandika "toleo jipya kabisa" hakusaidii, kwa kuwa toleo jipya la leo ni la zamani mwezi ujao. Kwenye Proxmox VE, amri ya pveversion -v huorodhesha matoleo ya vipande vyote. Kwenye Linux, uname -r huonyesha toleo la kerneli.

Vifaa. Aina ya prosesa, kiasi cha RAM, aina ya diski na jinsi zilivyopangwa. Teknolojia hii hutegemea uwezo maalumu ulio ndani ya prosesa, unaoitwa VT-x kwa prosesa za Intel na AMD-V kwa zile za AMD. Uwezo huo unaweza kuwepo lakini ukawa umezimwa kwenye mipangilio ya BIOS.

Mpangilio wa mgeni. Amepewa RAM kiasi gani, prosesa ngapi, diski ya aina gani, na ameunganishwaje na mtandao.

Hatua za kurudia hitilafu. Hatua hizi ziandikwe kwa namba, moja baada ya nyingine, kuanzia hali inayojulikana. Ikiwa hitilafu hutokea kila mara, isemwe hivyo. Ikiwa hutokea mara moja moja, isemwe imetokea mara ngapi na katika muda gani. Hitilafu ambayo muundaji anaweza kuirudia mezani kwake iko karibu na kutatuliwa.

Kilichobadilika. Seva iliyofanya kazi jana na kukataa leo ina sababu. Je, programu ilisasishwa? Seva pepe mpya iliongezwa? Diski ilibadilishwa? Stima ilipotea usiku na mashine zikazimika ghafla? Fundi wakati mwingine huficha badiliko alilofanya mwenyewe kwa kuogopa lawama. Ofisi inayotaka ripoti za kweli haina budi kuwahakikishia mafundi wake kwamba swali hili linaulizwa ili kutafuta chanzo.

Kilichojaribiwa na matokeo yake. Jaribio lililoshindwa pia ni habari. Kama kuwasha upya kulisaidia kwa dakika 90 tu, dakika hizo 90 zina maana.

Athari. Ni huduma gani imesimama, na watu wangapi wanaitegemea? Hapa ukweli ni muhimu. Ofisi inayoandika "dharura" kwenye kila ripoti hujikuta haina neno lililobaki siku ya dharura halisi.

KWA NINI NENO KWA NENO?

Mwanafunzi anayejaribu kuwasha seva pepe kwenye VirtualBox anaweza kupata ujumbe wenye msimbo VERR_VMX_NO_VMX. Mwenzake akapata VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED. Wote wawili wakimwambia mwalimu "imeleta kosa la VMX", wataonekana kuwa na tatizo moja.

Sivyo. Msimbo wa kwanza unasema kwamba VirtualBox haikuupata uwezo wa VT-x. Huenda prosesa haina uwezo huo, au programu nyingine kama Hyper-V tayari imeushika. Msimbo wa pili unasema kwamba uwezo upo lakini umezimwa kwenye BIOS. Wa pili hutatuliwa kwa kuwasha upya kompyuta, kuingia kwenye BIOS na kubadilisha mpangilio mmoja. Wa kwanza hautatuliwi hivyo. Kufupisha ujumbe kumefuta tofauti iliyokuwa na jibu ndani yake.

MFANO WA RIPOTI MBILI

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mafunzo. Ripoti ya kwanza inasema:

"Seva ya leseni imekufa tena. Tafadhali saidieni haraka, ni dharura."

Ripoti ya pili, kuhusu hitilafu hiyo hiyo, inasema:

Kichwa: Seva pepe ya leseni inasimama na kuonyesha hali ya "io-error".

Wakati: Jumanne, 14:05 Saa za Afrika Mashariki (11:05 UTC). Imetokea tena 15:40.

Mwenyeji: Proxmox VE 8.2, kerneli 6.8, RAM GB 64, hifadhi ya SSD ya TB 1.

Mgeni: Debian 12, RAM GB 8, diski pepe ya GB 200.

Kilichofanyika: Wahudumu walikuwa wakipakia nakala za stakabadhi za waombaji.

Kilichotarajiwa: Nakala zihifadhiwe na namba ya ombi itolewe.

Kilichotokea: Kazi zote zilisimama. Programu ya mwenyeji ilionyesha hali ya "io-error" kwa mgeni huyo.

Kilichobadilika: Seva pepe mbili mpya ziliongezwa Jumatatu.

Kilichojaribiwa: Snapshoti moja ya zamani ilifutwa na mgeni akawashwa upya. Alifanya kazi hadi 15:40, kisha akasimama tena.

Athari: Kaunta zote za leseni zimesimama. Seva pepe nyingine nne kwenye mwenyeji huyo zinaendelea.

Kiambatisho: Matokeo ya pveversion -v na kumbukumbu za mwenyeji kuanzia 13:30 hadi 16:00.

Fundi mwenye uzoefu akiisoma ripoti ya pili, hushuku chanzo kabla hajaigusa seva. Seva mbili mpya zimeongezwa. Hitilafu hutokea wakati data mpya inaandikwa. Kufuta snapshoti kulileta nafuu ya muda. Dalili hizi zote zinaelekeza kwenye hifadhi iliyojaa. Diski pepe nyingi hazichukui nafasi yake yote mara moja, bali hukua kadiri zinavyoandikwa. Msimamizi anaweza kuwaahidi wapangaji maji mengi kuliko tangi linavyobeba, na mambo yakaenda vizuri hadi siku ambayo wote watafungua mifereji. Seva pepe nyingine zinaendelea kwa sababu bado hazijahitaji nafasi mpya. Nazo zitasimama zikiihitaji, kwa hivyo ripoti hii pia imeokoa huduma nyingine nne.

Ripoti ya kwanza ingezaa simu kadhaa, maswali na majibu ya kubahatisha, na pengine kuwasha seva upya mara tano bila faida.

KUMBUKUMBU ZICHUKULIWE KABLA YA KUWASHA UPYA

Kila programu ya seva pepe huandika kumbukumbu za inachofanya. VirtualBox huziweka katika faili iitwayo VBox.log, ndani ya folda ya Logs ya kila seva pepe. Kila seva inapowashwa, faili mpya huanzishwa, za zamani husogezwa nyuma, na hatimaye za zamani zaidi hufutwa. Anayeizima na kuiwasha seva mara nyingi akitumaini itapona anaweza kuwa anafuta ushahidi wa hitilafu ya kwanza.

Kwenye mifumo ya Linux, ikiwemo Proxmox VE, amri ya journalctl huonyesha kumbukumbu za mfumo, na inaweza kupewa muda maalumu. Kwenye VMware ESXi, amri ya vm-support hukusanya kumbukumbu zote muhimu katika furushi moja. Kwenye Hyper-V, kumbukumbu husomwa kupitia Event Viewer ya Windows.

Ripoti iwe na faili nzima ya kumbukumbu inayohusu muda wa tukio. Kukata mistari mitatu inayoonekana mibaya hakutoshi, kwa sababu chanzo mara nyingi huwa dakika kadhaa kabla ya mstari unaotangaza kuanguka. Maandishi yatumwe kama maandishi. Picha ya simu iliyopigwa kwa pembeni haiwezi kutafutwa neno ndani yake.

Jambo jingine la kukagua ni saa. Seva pepe iliyosimamishwa kisha ikaendelezwa inaweza kuwa na saa iliyochelewa. Ni vyema kulinganisha saa ya mgeni na ya mwenyeji, na kutaja tofauti ikiwepo.

YASIYOFAA KUWEKWA KWENYE RIPOTI

Kumbukumbu na picha za skrini zinaweza kubeba majina ya wagonjwa, namba za vitambulisho, namba za simu na nywila. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitaka ofisi inayoshika data za watu kuzilinda. Kutuma picha ya skrini yenye orodha ya wagonjwa kwenye kikundi cha WhatsApp ili kuonyesha kwamba sistimu imekwama ni kufichua siri za watu ambao hawakuombwa ruhusa.

Kabla ya kutuma, fundi aondoe nywila na funguo za siri, na afunike majina na namba za watu. Anwani za seva zinaweza kubadilishwa, mradi kila anwani ibadilishwe kwa namna moja kote ili ripoti iendelee kueleweka. Ujumbe wa hitilafu na nyakati zibaki zilivyo. Ikiwa data za watu zimeshafikiwa na wasiohusika na kuna hatari ya kweli kwao, sheria hiyo inaitaka ofisi kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kufahamu.

Hitilafu za usalama hufuata njia yake. Mwaka wa 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina VENOM, iliyokuwa katika sehemu ya programu ya QEMU inayoiga kifaa cha diski za flopi. Kasoro hiyo ingeweza kumruhusu mtu aliye ndani ya seva pepe moja kuvuka hadi kwa mwenyeji, sawa na mpangaji kutoboa ukuta na kuingia ofisi ya msimamizi. Anayegundua kasoro ya aina hiyo humwandikia muundaji kwa siri kupitia anwani yake ya usalama. Akiitangaza kabla haijazibwa, huwa amewaonyesha wezi mlango.

BAADA YA KUTUMA

Kila ripoti ibebe tatizo moja. Matatizo matatu katika barua moja huishia moja likijibiwa na mawili yakisahauliwa. Kichwa cha ripoti kiseme tatizo lenyewe, si "Naomba msaada". Kabla ya kutuma, fundi atafute kama tatizo hilo limesharipotiwa. Likiwa limeripotiwa, aongeze maelezo yake palepale.

Muundaji akiuliza swali, ajibiwe mapema, maana ripoti nyingi hufungwa bila suluhu kwa sababu aliyeripoti alinyamaza. Tatizo likiisha, fundi aandike lilivyoisha, hata kama chanzo kilikuwa waya uliolegea. Maandishi hayo humsaidia fundi wa zamu inayofuata, na humwepusha mkazi mwingine na foleni ile ile.

KADI YA KUBANDIKA KWENYE KAUNTA

Ofisi na vituo vya huduma vinaweza kunakili orodha hii na kuibandika karibu na simu:

1. Ulikuwa ukifanya nini?
2. Ulitarajia nini, na ni nini kilichotokea?
3. Ujumbe wa hitilafu unasemaje, neno kwa neno?
4. Ilikuwa tarehe gani na saa ngapi, kwa mtindo wa saa 24?
5. Ni kituo kipi na kifaa kipi?
6. Kaunta nyingine na huduma nyingine zinafanya kazi?
7. Ni nini kilichobadilika tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi?
8. Ni nini kimeshajaribiwa, na kilileta matokeo gani?
9. Majina, namba za vitambulisho na nywila zimeondolewa?

Mhudumu anayeyajibu maswali haya hutumia dakika chache. Foleni iliyo mbele yake inaweza kuokoa saa kadhaa.